Magurudumu mapana: Urembo wa gari ambao sheria na mafundi hawaupimi

KATIKA maduka ya vipuri yaliyopangana kando ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, eneo ambalo wengi hulijua kwa jina Grogan, rimu pana zinazometameta ni miongoni mwa bidhaa za kwanza kumlaki mnunuzi.

Kwa muda mfupi tu, mwenye gari dogo lililotoka Japani likiwa na magurudumu membamba ya inchi 14 au 15 anaweza kuondoka hapo akiwa na mengine ya inchi 17 au 18, yaliyovishwa tairi pana kama za magari ya mashindano.

Mtindo huu umeota mizizi miongoni mwa vijana na hata watu wazima wenye familia, na umewapa riziki mafundi wengi kutoka Nairobi hadi Mombasa, Nakuru na Kisumu. Mwenye gari hulipa, fundi hufunga nati, na safari huendelea.

Lakini kuna suala ambalo halijajadiliwa ipasavyo. Je, gari lililoundwa kwa magurudumu ya kipimo kimoja hubaki salama linapovishwa ya kipimo kingine? Na ni nani hapa nchini mwenye jukumu la kuthibitisha hilo kabla ya gari kurudi barabarani likiwa na abiria?

Ni haki kukiri kwamba si kila anayetaka magurudumu mapana anafuata urembo pekee. Tairi pana yenye ubavu mfupi hainepi sana gari linapokata kona. Usukani hujibu upesi, na katika lami kavu na laini dereva huhisi gari limeshika barabara barabara.

Hali kadhalika, rimu yenye kipenyo kikubwa huacha nafasi ya kuweka breki kubwa zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe huyapa magari yao ya mbio na ya kifahari magurudumu ya inchi 18 na zaidi tangu kiwandani.

Tofauti ni kwamba kiwanda kinapofanya hivyo, hubadilisha pia springi, mfumo wa usukani na kiwango cha upepo, kisha hulifanyia gari zima majaribio. Fundi wa kando ya barabara hubadilisha kitu kimoja tu, na mengine yote huachwa yalivyokuwa.

Ili kuelewa hatari iliyopo, ni sharti mtu ajue kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Chukua mfano wa tairi iliyoandikwa 195/65R15 91H, kipimo ambacho hupatikana katika magari mengi madogo ya familia.

Nambari 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Nambari 65 inamaanisha kuwa kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Herufi R huonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Tarakimu ya 91 huonyesha uzani ambao tairi moja inaweza kubeba, yaani kilo 615. Herufi H huonyesha kasi ya juu zaidi ambayo tairi hiyo iliundwa kuhimili, nayo ni kilomita 210 kwa saa.

Kanuni ya kwanza ya kubadilisha magurudumu ni kwamba kimo cha gurudumu zima, rimu pamoja na tairi, kisitofautiane sana na cha awali. Rimu ikipanuka, ubavu wa tairi hauna budi kupungua.

Tairi ya 195/65R15 ina kimo cha takriban milimita 634. Ile ya 205/55R16 ina 632, ya 225/45R17 ina 634, na ya 225/40R18 ina 637. Hizi zote zinaweza kubadilishana bila mita ya mwendo kudanganya kwa kiwango cha kutia hofu.

Tatizo huanza mtu anaponunua kwa kutumia jicho pekee. Akichukua tairi ya 235/50R18 kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu, kimo huruka hadi milimita 692, ambacho ni ongezeko la asilimia tisa. Mita ikimwambia anaenda kilomita 100 kwa saa, mwendo halisi unaweza kukaribia 109.

Hata anayezingatia kanuni hiyo hukabiliwa na gharama nyingine ambayo kikokotoo hakimwonyeshi. Katika mfano huu, ubavu wa tairi ya inchi 15 una kimo cha milimita 127. Ule wa inchi 18 una milimita 90 tu.

Ubavu huo ndio mto unaopokea pigo gurudumu linapotumbukia shimoni. Ukipunguzwa kwa karibu thuluthi moja, pigo ambalo zamani lilimezwa na mpira na upepo sasa huifikia rimu yenyewe.

Hapo ndipo hali ya barabara zetu inapoingia. Dereva anayetumia barabara ya mwendokasi ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2022, au ile ya Thika iliyokamilishwa mwaka 2012, anaweza kwenda safari nzima bila kuona ubaya wowote wa tairi nyembamba za ubavu.

Ila mtu halali barabarani. Gari hilo hilo litatoka katika lami laini na kuingia mtaani, ambako kuna mashimo, matuta yasiyo na alama, na kingo za lami zilizomomonyoka hadi zikawa kama ngazi.

Tairi ya ubavu mfupi ikigonga ukingo wa shimo, nyuzi zake hubanwa kati ya rimu na lami. Mara nyingi haipasuki papo hapo. Siku kadhaa baadaye, uvimbe mdogo hujitokeza ubavuni, ishara kwamba nyuzi za ndani zimekatika na kwamba kinachozuia upepo usitoke ni mpira mtupu.

Tairi ya aina hiyo haizibiki. Hata hivyo, kuna madereva wanaoendelea kuitumia kwa miezi, wakisubiri pesa zipatikane. Kupasuka kwake kukitokea gari likiwa katika mwendo wa kasi, tena katika gurudumu la mbele, dereva huwa na nafasi ndogo ya kujinusuru.

Fauka ya hayo, kuna hatari isiyoonekana hata kwa mtu mwenye macho makali. Nayo ni ile tarakimu ya uzani.

Wengi huamini kwamba tairi pana lazima iwe na nguvu zaidi kuliko nyembamba. Dhana hiyo si sahihi. Tairi ya 215/45R17 yenye tarakimu 87 hubeba kilo 545 pekee, ilhali ile nyembamba ya 195/65R15 yenye tarakimu 91 hubeba kilo 615.

Hii ni kwa sababu kinachobeba gari hasa ni upepo ulio ndani ya tairi, na ubavu ukipungua nafasi ya upepo huo nayo hupungua. Mmiliki aliyefanya mabadiliko hayo amepoteza kilo 70 kwa kila gurudumu, au kilo 280 kwa magurudumu yote manne, huku akidhani kwamba ameliongezea gari lake nguvu.

Ni kweli kwamba gari dogo likiwa na dereva pekee halitafikia kikomo hicho. Lakini magari ya familia hayasafiri matupu. Msimu wa Desemba, gari lililoundiwa watu watano huondoka Nairobi kuelekea mashambani likiwa limejaa abiria, masanduku na zawadi, na hurudi likiwa na magunia.

Dereva anapokanyaga breki, sehemu kubwa ya mzigo huo hulalia magurudumu ya mbele. Shimo likitokea wakati huo huo, ile akiba ya kilo 70 iliyotupwa dukani huwa ndiyo iliyohitajika.

Isitoshe, kilo hizo zilizoandikwa ni za tairi iliyojazwa upepo kwa kiwango chake kamili. Tairi ya ubavu mfupi aghalabu huhitaji upepo zaidi kuliko ile iliyoondolewa, lakini mhudumu wa kituo cha petroli hujaza kipimo kile kile cha zamani kilichobandikwa mlangoni mwa gari.

Kwa hivyo tairi hukimbia ikiwa na upepo pungufu, hupata joto jingi kupita kiasi, na hudhoofika kutoka ndani.

Jambo la tatu ni mahali gurudumu linapokaa. Kila rimu ina kipimo kiitwacho ofseti, ambacho huandikwa kwa herufi ET na nambari ya milimita. Kipimo hiki huamua gurudumu litaingia ndani ya gari kiasi gani au litatokeza nje kiasi gani.

Tuseme gari lilikuwa na rimu yenye upana wa inchi 6 na ET45, kisha likafungwa nyingine ya upana wa inchi 7.5 na ET35. Ukingo wa nje hutokeza kwa milimita 29 zaidi, na ukingo wa ndani husogelea springi kwa milimita 9.

Sentimita tatu za nje huenda zikaonekana kuwa kitu kidogo. Zinatosha kulifanya gurudumu likwaruze madigadi gari likibeba watu au kupita kwenye tuta, na mkwaruzo huo hukata tairi polepole kama msumeno.

Pia huongeza mkazo katika beringi za gurudumu na kuufanya usukani uvutwe huku na huko kila lami inapobadilika. Wanaoongeza vipande vya chuma kati ya rimu na kitovu, maarufu kama spesa, huzidisha mkazo huo. Spesa ikiwa nene na skrubu zikabaki fupi, nati hushika nyuzi chache tu.

Wapo pia wanaokata springi ili gari lilale chini na magurudumu yaonekane kulijaza. Springi iliyokatwa hupoteza mwendo wake wa kupanda na kushuka, na gari hufikia mwisho wa uwezo wake wa kunepa hata kwenye tuta la kawaida.

Mvua nayo ina hesabu yake. Gari lenye uzani ule ule likivishwa tairi pana, uzani huo hutawanywa katika mstari mpana zaidi wa mbele, na tairi hulazimika kusukuma maji mengi zaidi ili iguse lami.

Tairi ikiwa imeanza kulika, huelea juu ya maji katika mwendo wa chini kuliko ambavyo nyembamba ingeelea. Wakati wa masika, dereva aliyezoea kujivunia namna gari lake linavyoshika barabara kavu huweza kugundua kwamba usukani haumtii tena.

Wanaopenda mtindo huu mara nyingi hutaja mashindano ya magari kama kielelezo chao. Kumbukumbu ya Colin McRae akishinda Safari Rally mwaka 1997 ndani ya Subaru Impreza ingali hai, na kurejea kwa mashindano hayo katika ratiba ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, kumewasha upya hamu ya magari ya aina hiyo.

Lakini wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Magari ya ubingwa wa dunia hutumia rimu za inchi 18 zenye tairi za ubavu mfupi katika mashindano ya lami. Yanapofika Naivasha kukabiliana na mawe na vumbi, huvishwa rimu za inchi 15 na tairi nyembamba kidogo zenye ubavu mnene.

Hiyo ina maana kwamba madereva stadi kabisa duniani, wenye mafundi na vipuri visivyohesabika, wanapokuja kushindana katika barabara mbovu za Kenya huchagua kipimo ambacho kijana wa Nairobi huking'oa na kukiacha dukani. Mwiga tembo hupasuka msamba, na hapa hata tembo mwenyewe hajaigwa sawasawa.

Soko lenyewe halimsaidii mnunuzi. Mwaka 2016, kampuni ya Sameer Africa ilifunga kiwanda chake cha Nairobi kilichokuwa kikiunda tairi za Yana, na tangu wakati huo soko limezidi kutegemea bidhaa za kutoka nje.

Pamoja na tairi mpya, kuna zile kuukuu. Nyingi huwa na michirizi mizuri inayomvutia mnunuzi, lakini mpira huzeeka hata ukiwa ghalani. Umri wa tairi husomeka katika tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, ambapo 2314, kwa mfano, ni juma la 23 la mwaka 2014.

Rimu nazo zina siri zake. Rimu ya alumini iliyopasuka huweza kuchomelewa, kusuguliwa na kupakwa rangi hadi isitofautiane na mpya. Mnunuzi hana namna rahisi ya kujua kama anachokilipia kiliwahi kuvunjika katika nchi nyingine au katika barabara ile ile anayoielekea.

Sheria inasemaje? Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hutaka sehemu zote za gari, zikiwemo tairi, ziwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wa barabara. Ni kifungu kizuri lakini kipana, na utekelezaji wake barabarani hutegemea jicho la afisa wa polisi.

Afisa huyo anaweza kuona tairi iliyolika. Ni vigumu aone kwamba tarakimu ya uzani imeshuka kutoka 91 hadi 87, au kwamba kuna spesa nyuma ya rimu. Matokeo yake ni kwamba mwenye rimu za kuvutia husimamishwa kwa sababu ya mng'aro wake, ilhali mwenye hatari halisi hupungiwa mkono aendelee na safari.

Kwa miaka mingi, ukaguzi wa lazima wa kila mwaka umelenga matatu, malori na magari mengine ya biashara. Gari la kibinafsi hukaguliwa kabla ya kuingizwa nchini, na baada ya hapo mwenyewe anaweza kulibadilisha atakavyo bila mtaalamu yeyote kulitazama.

Huko Japani, yatokako mengi ya magari haya, mambo ni tofauti. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili, na gurudumu linalotokeza nje ya madigadi kupita kiwango kilichowekwa hulifanya gari lifeli. Gari hilo hilo likishavuka bahari, ulinzi huo huachwa bandarini.

Mwaka 2025, serikali ilitoa rasimu ya kanuni zilizopendekeza magari ya kibinafsi yenye umri wa zaidi ya miaka minne yakaguliwe kila mwaka. Baadhi ya wananchi walilipokea pendekezo hilo kwa shaka, wakihofia kwamba ni njia nyingine ya kuwatoza ada na kuwafungulia wala rushwa mlango.

Hofu hiyo ina msingi. Ukaguzi unaotazama rangi ya gari na kupiga muhuri hautaokoa maisha ya mtu. Lakini ukaguzi unaosoma nambari za tairi, unaopima umbali wa gurudumu na madigadi, na unaotoa majibu kwa maandishi, ungemlinda mwenye gari dhidi ya fundi mzembe na dhidi ya afisa anayetafuta kisingizio.

Suala la bima pia linafaa kuzingatiwa. Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli, na mteja anatakiwa kueleza jambo lolote linaloweza kubadilisha hatari inayodhaminiwa. Mabadiliko ya magurudumu yasiyotajwa yanaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa kulipia gari lililoharibika.

Aliyegongwa hulindwa na sheria ya bima ya watu wengine, Sura ya 405, ambayo haikubali hali ya gari itumiwe kumnyima fidia. Hata hivyo, kampuni iliyomlipa inaweza kumrudia mwenye gari na kumdai ilichotoa. Rimu za kupendeza huweza basi kugeuka deni la miaka mingi.

Serikali nayo haiwezi kujivua lawama. Tangu Julai 2024, mwenye gari hulipa Sh25 kwa kila lita ya mafuta kama ushuru wa kukarabati barabara. Ana haki ya kuuliza kwa nini shimo lililovunja rimu yake mwaka jana lingali pale pale mwaka huu.

Lakini haki hiyo haimwondolei wajibu. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) zimeonyesha tangu 2021 kwamba zaidi ya watu 4,000 hupoteza maisha barabarani kwa mwaka. Wengi wao hutembea kwa miguu au hutumia pikipiki, na hawakushirikishwa wakati gari lililowagonga lilipokuwa likibadilishwa.

Wakati kanuni bora zikisubiriwa, mambo machache yanaweza kufanywa sasa. Muuza tairi anafaa kumwonyesha mteja tarakimu ya uzani na tarehe ya kuundwa kwake kabla ya kupokea pesa, na kukataa kufunga tairi yenye tarakimu iliyo chini ya ile ya awali.

Mwenye gari naye anafaa kusoma kibandiko kilicho mlangoni, kutopanda zaidi ya inchi moja au mbili juu ya rimu ya kiwandani, na kuuliza kiwango kipya cha upepo. Baada ya kufungiwa, alijaribu gari likiwa limejaa watu, akizungusha usukani hadi mwisho kila upande ili asikie kama kuna mkwaruzo.

Vyama vya mafundi na taasisi za ufundi zina nafasi pia. Ujuzi wa kusoma ofseti na tarakimu za tairi hauhitaji mitambo ya bei ghali. Huhitaji somo la siku moja na mtu aliye tayari kulifundisha.

Hakuna anayependekeza kwamba vijana wanyimwe furaha ya kuyapamba magari yao. Magurudumu mapana yaliyochaguliwa kwa hesabu sahihi yanaweza kudumu miaka mingi bila kumdhuru yeyote. Yale yaliyochaguliwa kwa jicho tu humtegemea dereva akutane na lami laini kila siku ya maisha yake, na hakuna dereva wa Kenya aliyewahi kuahidiwa barabara ya namna hiyo.